Saa tatu ukutani, kiti kimoja

Kitabu si changu. Naanza kwa kukiri, maana mwenyewe anaweza kupita hapa akasoma. Binti mmoja aliniletea saa ya marehemu baba yake, saa ya kutia ufunguo, imesimama tangu mwaka ambao hata yeye haujui. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma kurasa mbili tatu wakati mimi nafungua kifuniko cha nyuma. Nilipomwambia siku nne, akainuka mbio kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Kitabu kikabaki kitini. Nikakitia kwenye bahasha moja na saa yake, nikaandika jina juu, nikafunga kwa utepe. Jioni nikafungua utepe.

Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na ushei nimeinamia meza ileile, na hadithi za kusafiri katika wakati sijawahi kuzipenda. Kila niliyoonjeshwa ilikuwa na mashine ambayo mwandishi mwenyewe hajui inavyofanya kazi: inang'aa, inavuma, mtu huyoo kaenda. Fundi hapendi mashine isiyofunguka. Kwa hiyo niliposoma nyuma ya jalada kwamba humu watu wanarudi siku za nyuma kwa kukaa kwenye kiti na kumiminiwa kahawa, nilisema afadhali. Kiti nakijua. Kikombe nakijua.

Mwandishi ni Toshikazu Kawaguchi. Hadithi ilianza kama mchezo wa jukwaani, ikawa riwaya mwaka 2015, na niliyosoma ni tafsiri ya Kiingereza ya Geoffrey Trousselot iliyotoka 2019. Kwa Kijapani inaitwa Kōhī ga Samenai Uchi ni. Mimi kichwani mwangu nimeiita Kabla Kahawa Haijapoa, na nitarudi kwenye hilo neno "kupoa", maana lilinisumbua usiku kucha. Ni kitabu kifupi, kurasa zaidi kidogo ya mia mbili, hadithi nne zinazofungamana. Nilikimaliza kwa usiku mbili.

Mahali ni pamoja tu: mkahawa mdogo wa chini ya ardhi Tokyo, hauna dirisha, unaitwa Funiculi Funicula. Jina hilo ni la wimbo wa Napoli wa mwaka 1880 kuhusu treni ya kupanda na kushuka mlima Vesuvius. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi. Sijui kama ndivyo alivyokusudia, ila nilipogundua nilitabasamu.

Kanuni ni nyingi na zinarudiwarudiwa mpaka unachoka. Ukirudi nyuma, unaweza kukutana tu na mtu aliyewahi kukanyaga mkahawa ule. Lazima ukae kwenye kiti kimoja maalumu, na ukishafika huko usiinuke. Unarudi kabla kahawa haijapoa, na unakimaliza kikombe chote. Halafu kubwa kuliko zote: ufanye ufanyavyo huko nyuma, mambo ya leo hayabadiliki hata punje.

Kile kiti nacho kina mwenyewe. Ni mwanamke wa gauni jeupe, mzimu, anasoma kitabu chake kutwa kimya. Huyu alikwenda akakiacha kikombe kipoe, akabaki hapo. Mara moja kwa siku anainuka kwenda msalani, na ndipo wewe msafiri unapopata nafasi. Nilicheka peke yangu. Safari yote ya kuvuka miaka inasubiri haja ndogo ya mzimu! Ukijaribu kumwondoa kwa nguvu anakulaani. Fumiko, msafiri wa kwanza, alijaribu, akagandamizwa chini na uzito wa ajabu, mpaka mhudumu alipomuuliza yule mama kama anataka kuongezewa kahawa. Akakubali, laana ikaisha. Mwandishi anayeweza kuandika hivyo bila kukonyeza msomaji nampa heshima yake.

Sasa, ukutani mna saa tatu kubwa na kila moja inasema lake. Moja imekimbilia mbele, moja imebaki nyuma, ya katikati ndiyo ya kweli. Msomaji mwingine atapita hapo kama anavyopita pambo. Mimi niliweka kitabu chini nikatazama ukuta wangu mwenyewe, wenye saa kumi na moja, zote zikigombana.

Mkahawa ule, hadithi inasema, ulifunguliwa mwaka 1874. Kwa mtu wa kazi yangu mwaka huo si wa bahati tu. Japani ya zamani haikuwa na saa za kulingana. Mchana waliugawa mafungu sita na usiku mafungu sita, basi fungu la mchana wa kiangazi likawa refu na la mchana wa baridi fupi. Mafundi wao walitengeneza saa za kufuata mtindo huo, wadokei, zenye vijiwe vya uzani juu ya ufito, na katika nyingi za hizo mtu alikuwa anavisogeza vijiwe asubuhi na jioni ili mashine iende pole au haraka kulingana na jua. Na walihesabu kinyumenyume: usiku wa manane ni tisa, kisha nane, saba, alfajiri ni sita, tano, nne, halafu adhuhuri ni tisa tena. Sisi sita yetu ni jua la utosini na giza la katikati ya usiku. Sita yao ilikuwa kucha na kuchwa. Nilipenda kujua kwamba si sisi peke yetu tuliowahi kuanza hesabu na jua badala ya mshale.

Kisha serikali ya mfalme Meiji ikaamua kufuata kalenda ya Ulaya na saa za kulingana. Siku ya pili ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao ya zamani watu walilala, na kulipokucha ilikuwa tarehe 1 Januari 1873. Mwezi mzima ukawa na siku mbili! Taifa zima lilisafiri katika wakati, bila kiti wala kahawa, na mtu aliyepanga kukutana na mwenzake siku ya tano ya mwezi ule aliipata wapi? Mwaka mmoja baadaye, kwa mujibu wa hadithi, ndipo mkahawa ule unafunguliwa. Na miaka michache baada ya hapo, 1881, kijana wa miaka 21 aitwaye Kintaro Hattori akafungua duka lake la saa Tokyo, lililokuja kuzaa Seiko. Saa ya yule binti, iliyokuwa ndani ya bahasha pembeni yangu, ni Seiko.

(Haohao Seiko ndio walioleta Astron tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, ya kutumia betri badala ya ufunguo, kuuzwa, na toka hapo wengi wetu mafundi tukageuka wabadilisha betri. Nimeshawasamehe.)

Turudi kwenye hadithi. Ya kwanza, ya Fumiko na Goro, sikuijali sana. Mpenzi kaondoka kwenda kazini Marekani, mwanamke anarudi wiki moja nyuma kusikia alichokuwa anataka kumwambia, basi. Ni mlango wa kuingilia, kazi yake ni kutufundisha kanuni. Ubaya mwingine wa kitabu unaonekana hapo mapema: jukwaa halijamtoka mwandishi. Kila anayeingia tunaelezwa kavaa nini kuanzia juu hadi viatu, kengele ya mlango inalia, watu wanageuka kutazama. Jukwaani macho yangeyaona yote kwa mara moja. Kwenye karatasi inakuwa kama kusoma orodha ya nguo za kufua.

Ya pili ndiyo iliyonikamata. Kohtake ni muuguzi, mumewe Fusagi anapoteza kumbukumbu. Anakuja mkahawani kila mara, anakaa na magazeti ya safari, na mkewe amekuwa kwake mgeni. Kohtake amewaomba watu wamwite kwa jina lake la kabla ya ndoa ili asimchanganye mumewe. Fikiria hilo. Halafu anasikia kwamba Fusagi alikuwa na barua ya kumpa, hakumpa, sasa ameshasahau ni ya nani. Anarudi nyuma kuifuata. Ndani ya barua mume anamsihi asije akawa muuguzi wake, abaki mke, na kama ikimshinda, aondoke.

Nina mteja mzee ambaye saa yake niliitengeneza zamani, akaichukua, anaivaa. Kila baada ya wiki anakuja kuuliza kama iko tayari. Mwanzoni nilimwonyesha kwenye mkono wake, akaona haya, na mimi nikaona haya zaidi. Sasa namwambia, "Iko tayari, mzee," namvua, naifuta kioo, namvika. Anafurahi kila mara. Nilikuwa najiuliza kama huo ni uongo. Baada ya Fusagi nimeacha kujiuliza.

Ya tatu, ya Hirai na mdogo wake Kumi, ni kilio kilichonyooka. Hirai alikimbia kazi ya familia, nyumba ya wageni huko Sendai; mdogo wake anamfuata Tokyo mara kwa mara, yeye anajificha; siku moja Kumi anafia ajalini njiani kurudi nyumbani. Hirai anarudi siku tatu nyuma. Kuna kitu kidogo nilichokipenda pale: mhudumu, Kazu, anamtia kwenye kikombe kijiti kinacholia kama kengele kahawa inapokaribia kupoa, kwa sababu anayekwenda kuonana na marehemu husahau kunywa. Hakuna anayehubiri juu ya uzito wa kifo. Kipo tu kile kijiti. Aliyekibuni alishaona watu wakishindwa kuinua kikombe.

Ya nne inakwenda mbele, si nyuma. Kei, mke wa mwenye mkahawa, ana moyo dhaifu na ana mimba, na anataka kumwona mtoto ambaye huenda hatamlea. Hapo mwandishi anakukamua machozi kwa mikono miwili na sikupenda jinsi kila mtu anavyokubali upesi kwamba mama afe. Lakini kuna kosa moja tamu. Kei alikusudia kwenda miaka kumi mbele, saa kumi na tano kwa hesabu ya saa ishirini na nne. Akajikuta miaka kumi na tano mbele, saa kumi. Namba zimebadilishana viti. Mimi nilicheka na macho yamejaa, kwa sababu anayesoma saa kwa Kiswahili anacheza mchezo huo maisha yake yote: mshale uko kwenye 10, mdomo unasema nne. Nimeshawahi kumpa mteja miadi ya saa kumi akaja na jua la asubuhi, akanisubiri nje saa sita nzima.

Sasa lile neno.

Fundi akisikia kanuni anataka kuipima. Kupoa ndiyo nini? Usiku wa pili nilimimina kahawa kwenye kikombe cha kauri, nikaweka saa ya mbio pembeni, nikaendelea kusoma huku nikichovya kidole. Dakika ya tano bado inachoma. Dakika ya ishirini na tano hivi, vuguvugu. Baada ya saa nzima bado si baridi ya kusema baridi. Newton aliliandika hilo mwaka 1701: kitu cha moto hupoteza joto upesi kadiri kinavyoizidi moto hewa iliyokizunguka, na kadiri kinavyoikaribia ndivyo kinavyosuasua. Maana yake hakuna dakika moja ambayo unaweza kuinua kidole ukasema, hii hapa, imepoa. Kanuni ya mkahawa ule haina mstari. Msafiri anahukumiwa kwa kitu ambacho hakina kengele, ila ukipewa kijiti.

Na Kiswahili kinaongeza lake. Kwetu kahawa inapoa, homa inapoa, hasira zinapoa, msiba nao unapoa. Kwa hiyo jina nililokipa kitabu likaanza kusema jambo jingine kabisa: nenda wakati bado inakuunguza. Nilijaribu kuibadilisha nikasema "haijawa baridi", ikafa. Nikairudisha.

Nilifunga kitabu yapata saa saba usiku, na hapo ndipo ikanijia ile kanuni ya kwanza niliyokuwa nimeipita. Unakutana tu na aliyewahi kufika pale.

Aliyenifundisha kazi hii nilimwita Mzee, hivyo tu. Miaka sita ya uanagenzi. Tuliachana vibaya, kwa ajili ya saa moja ambayo mimi nilisema inafaa kutengenezwa na yeye akasema iachwe, na nikaondoka nikafungua pangu bila kuaga. Alikuja kwangu mara moja tu. Hakubisha hodi, nilisikia kiti kinalia. Nilikuwa na lenzi jichoni na springi ya unywele kwenye kibano, kitu ambacho ukipumua vibaya kinaruka na hukioni tena mpaka kiama. Nikasema, "Shikamoo Mzee, nipe dakika moja." Akasema, "Marahaba. Maliza kazi." Dakika ikawa kumi. Nilipotoa lenzi kiti kilikuwa kitupu, na pembeni ya meza kulikuwa na bisibisi yake ndogo kuliko zote, yenye mpini wa shaba, ile ambayo kwa miaka sita hakuniruhusu hata kuifuta vumbi.

Nilipanga kumfuata Ijumaa. Alifariki Jumatano.

Basi usiku ule nilifanya hesabu kama mjinga. Nikachukulia pangu ndiyo mkahawa. Mzee wangu yupo mle kwa dakika kumi tu tangu dunia iumbwe. Sikutaka kubadilisha kitu, kanuni ya mwisho naikubali na kwa kweli ndiyo iliyonifanya nikiamini kitabu: springi ile lazima ikae mahali pake, mteja alikuwa anaisubiri. Nilitaka tu kukaa nimwone anavyonitazama nikifanya kazi. Kama alikuwa anatikisa kichwa au la. Mkono wangu ulivyoshika kibano, kama aliuona ni mkono wake.

Nikamimina kahawa nyingine kabisa kichwani, nikajiweka kwenye kiti, nikaanza kwenda. Nikagota.

Kiti ni kimoja. Yeye ndiye amekikalia.

Nilicheka peke yangu kwa sauti, saa saba usiku, mpaka nikaogopa majirani. Miaka yote hii nina kiti kimoja cha wateja kwa sababu sitaki watu wazoee kukaa kunipigia soga. Hata mzimu wa Kawaguchi una adabu ya kwenda msalani; Mzee wangu hainuki.

Siku ya tatu nilikwenda kazini na kigoda kutoka nyumbani. Siku ya nne binti alikuja. Nilikuwa nimeufunga utepe upya, vizuri kabisa nilidhani. Aliigeuza bahasha mara moja.

"Mjomba, umekisoma."

"Nimekisoma."

"Umelia wapi?"

"Kwa Kohtake. Wewe?"

"Mimi kwa Hirai. Mara zote mbili." Hakuniambia kwa nini na sikumuuliza. Akaitoa saa ya baba yake, akaiweka sikioni, akafumba macho. Inatembea vizuri ile mashine. Springi kuu ilikuwa imekatika, nimeweka nyingine, nimeiosha na kuitia mafuta. Akakaa kwenye kigoda, si kwenye kiti, akashika taji ya saa kwa vidole viwili tayari kuisogeza mishale, akainua uso kuutazama ukuta wangu wenye saa kumi na moja.

"Mjomba, ya kweli ni ipi?"

Nikatoa simu mfukoni kutazama.